Nje ya Mchoro

Swali la nne: "Je, maumivu yako ni ya kuungua?"
Nililitafsiri mimi, mwezi wa Februari, feni imegoma,
wakubwa wakaligonga muhuri.
Bi Mwanamgeni wa Barabara ya Kumi na Tisa akalicheka.
"Kinachoungua ni wali, mwanangu.
Miguu yangu imewashiwa kuni mbichi.
Haiwaki ikaisha. Inafuka, inafuka,
mpaka usiku wa manane naishusha kwenye saruji
naibembeleza kama watoto wa mtu mwingine."

Nikatafuta kisanduku cha kuni mbichi.
Hakipo. Nikatia alama penye "ndiyo".

Ndiyo kazi yangu, chumba cha nyuma, Chumbageni,
kati ya friji ya damu na dirisha
linalotazama baiskeli za wagonjwa.
Nahesabu vidonge vilivyobaki koponi.
Nauliza: kutoka sifuri hadi kumi, jana usiku ulikuwa ngapi?
Dawa yenyewe haijapewa jina,
ina herufi mbili na tarakimu tatu, kama gari.
Nusu ya makopo yana dawa, nusu yana unga mtupu.
Nani kapata lipi sijui, daktari hajui,
ajuaye ni kompyuta ya mbali, nayo imefumbwa mdomo.
Nimelieleza hili mara sitini na moja,
na kila mara mtu hunitazama mikono
kama nachanganya karata.

Nina daftari jingine. Halimo katika utaratibu.
Humo nimeandika:
siafu waliopoteza mlango;
soksi ambayo sikuivaa, na haivuki;
umeme wa mgao, ukatike ushukuru, urudi uunguze friji;
ganzi inayouma.
(Ganzi itaumaje? nikamwuliza fundi cherehani wa Makorora.
Akasema: muulize aliyefiwa.)

Kisha akaja Hoza, mshiriki wa sitini na mbili.
Mkono wa kulia aliuacha kwenye korona ya mkonge
zamani, singa zikiwa bado na bei.
Nikampa karatasi ya mchoro,
mtu mtupu, hana uso, mbele na nyuma,
na penseli nyekundu. "Paka rangi panapouma."

Akaomba kifutio.

Akamfuta yule mtu mkono, toka chini ya kiwiko,
taratibu, kwa kushoto, ulimi umetoka pembeni,
akapuliza vumbi mezani kwangu.
Halafu pale palipobaki peupe
akapaka ngumi.
"Umekunja," akasema. "Umeshika jani.
Mashine inavuta, na mimi sijaachia."

Jioni nikaingiza. Mfumo ukakataa:
*Alama iko nje ya mwili. Sahihisha.*
Nikawaandikia wakubwa. Siku ya tatu wakajibu:
hesabu kama hakuna jibu.
Hakuna jibu!
Mtu kanipa tisa kati ya kumi,
kanionyesha mpaka kucha zinapochoma kiganja.
Sikusahihisha. Lile swali liko wazi hadi leo,
linapepesa kwenye kioo kila ninapofungua.

Wiki ya nane, mvua ya vuli, karatasi zimelegea.
Kifutio nilikwisha kukiweka tayari.
Akafuta. Akapuliza. Akapaka
vidole vitatu.
"Gumba limeachia," akasema, akishangaa mwenyewe,
"na hiki cha pembeni, toka juzi."

Dawa au unga, sijui.
Nikahesabu: vidonge viwili vimezidi.
Nikaandika viwili.

Alipofika mlangoni akageuka, kopo kwapani.
"Mkimaliza kupima kwenu, hili nalirudisha?"

Maswali ninayo ishirini na moja, yote nimeyatafsiri,
na hilo halimo.
Nje baiskeli yake ilikuwa na kengele upande wa kushoto.
Akaigonga mara moja, akapanda,
akaongoza kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umeshika.